Safari ya Funchal, bandari ya kisiwa cha Madeira

1. Kisiwa kilichotoka chini ya bahari

Fungueni karte ya dunia. Wekeni kidole juu ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Sasa shukeni polepole upande wa kusini-magharibi, ndani ya bahari ya Atlantiki, karibu kilometri 1,000. Mtaona nukta ndogo. Hicho ni kisiwa cha Madeira, nacho ni cha Wareno.

Kisiwa hicho si kikubwa. Urefu wake ni kilometri 57, na upana wake ni kilometri 22. Lakini kinapanda juu sana. Zamani, kabla ya kuwako watu, moto wa volkano ulikitoa chini ya bahari. Kilele chake kinachopita vyote kinaitwa Pico Ruivo, nacho kina metri 1,862. Milima inateremka mpaka majini, na mahali tambarare ni pachache. Upande wa kusini milima inazunguka kama kiganja kinachokinga maji. Ndani ya kiganja hicho umekaa mji wa Funchal pamoja na bandari yake.

Mwalimu mmoja wa Kongo alikuwa akisoma masomo makubwa huko Lisbon, na jamaa yake walikuwa pamoja naye. Likizo ilipofika, alimchukua mwanawe, mtoto wa miaka 11, wakaenda kuutazama mji huo. Somo hili ni habari ya safari yao.

2. Swali la mtoto

Walisafiri kwa ndege. Mtoto alichungulia dirishani akaona bahari, kisha mlima, kisha bahari tena. Uwanja hakuuona.

"Baba, tutashuka wapi?"

Kumbe uwanja wa ndege umejengwa kando ya bahari, na sehemu yake moja imesimama juu ya nguzo kubwa za betoni, kwa sababu ardhi haikutosha. Tangu mwaka 2017 uwanja huo una jina la Cristiano Ronaldo, mcheza mpira aliyezaliwa Funchal mwaka 1985. Mtoto alilijua jina hilo vizuri, akalisoma kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Gari likawachukua mpaka Funchal. Nyumba nyeupe zenye paa za vigae vyekundu zilipanda mlimani, moja juu ya nyingine, kama watu waliokaa ngazini. Kati ya nyumba palikuwa na mashamba madogo. Hapa ukuta wa mawe, udongo kidogo na migomba. Juu yake ukuta mwingine, udongo kidogo na mizabibu. Na juu yake ukuta mwingine tena. Kando ya njia mtoto akasikia sauti. Palikuwa na mfereji mwembamba wa mawe, na maji safi yalikuwa yakipita mbio ndani yake.

"Baba, mvua hainyeshi, na mto hatuuoni. Maji haya yanatoka wapi?"

"Umeuliza vema, mwanangu. Usilisahau swali hilo. Kabla hatujaondoka tutapata jibu."

3. Bandarini

Asubuhi walishuka bandarini. Meli kubwa nyeupe za wasafiri zilikuwa zimefungwa kando ya ukuta mrefu wa mawe. Mwalimu akakaa juu ya ukuta huo, akaanza kusimulia.

Mwaka 1419 manahodha wawili wa Wareno, João Gonçalves Zarco na Tristão Vaz Teixeira, walifika katika kisiwa hiki. Hawakukuta mtu hata mmoja. Palikuwa na miti tu, tangu pwani mpaka milimani, na kwa hiyo wakakiita Madeira, maana yake "mbao". Penye ghuba hii waliona mmea wenye harufu nzuri unaoitwa funcho. Umeota pote, wakapaita Funchal. Kisha wakachoma msitu wapate kulima. Wazee husimulia kwamba moto ule uliwaka miaka saba. Labda hadithi imeongeza miaka, lakini miti mingi iliteketea.

Baadaye Wareno walileta miwa. Miwa inataka jua na maji mengi. Jua lilikuwapo pwani, lakini maji yalikuwa juu milimani. Basi ilipasa kuchimba mifereji ya kuyashusha. Mwaka 1452 Diogo de Teive alipewa ruhusa ya kujenga kinu cha kusaga miwa kwa nguvu ya maji. Miaka hamsini haikupita, na sukari ya Madeira ilikuwa ikiuzwa katika nchi nyingi za Ulaya. Wakati ule sukari ilikuwa kitu cha thamani sana, chakula cha wafalme na dawa ya wagonjwa. Merikebu zilitoka katika ghuba hii zimejaa sukari. Mwaka 1508 mfalme Manuel I aliipa Funchal cheo cha mji. Hata leo ngao ya mji ina picha ya mikate mitano ya sukari.

"Mkate wa sukari, Baba?"

"Ndiyo. Zamani maji ya miwa yalichemshwa mpaka yakawa mazito, yakamiminwa katika chungu chembamba chini. Yalipoganda, sukari ilitoka mzima kama mlima mdogo."

Tena utajiri huwavuta wanyang'anyi. Mwezi wa Oktoba 1566 wanyang'anyi wa baharini kutoka Ufaransa waliingia Funchal, wakaua watu, wakapora nyumba na makanisa. Baada ya msiba huo, kuta na maboma yaliongezwa. Boma la São Tiago, lililoanza kujengwa mwaka 1614, lingali limesimama pwani na kuta zake za manjano.

4. Askofu kutoka Kongo

Toka bandarini si mbali kufika Kanisa Kuu. Lilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 15. Nje ni kanisa lisilo na mapambo mengi, la ukuta mweupe na mawe meusi ya volkano. Lakini ndani mtoto aliinua macho akasahau kuyashusha. Dari yote ni ya mti wa mwerezi wa kisiwa kile kile, imechongwa na kupambwa kwa ustadi mkubwa.

Mwaka 1514 Papa Leo X aliweka jimbo la Funchal. Nchi zote za ng'ambo zilizofikiwa na Wareno, katika Afrika, Brazil na Asia, zilikuwa chini ya askofu wa mji huu mdogo.

"Hata Kongo?" akauliza mtoto.

"Hata Kongo. Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Mfalme wa Kongo wakati ule alikuwa Afonso I, ambaye jina lake la kwetu ni Mvemba a Nzinga. Alimpeleka mwanawe Henrique Lisbon kusoma, naye alikuwa bado kijana. Henrique akawa padri. Mwaka 1518 Papa Leo X alimfanya askofu, awe msaidizi wa askofu wa Funchal. Mwaka 1521 alirudi kufanya kazi yake Kongo, katika mji wa baba yake, Mbanza Kongo, ulio katika nchi ya Angola ya leo."

Mtoto akatazama tena dari, kisha altare. Alikuwa akidhani amefika mahali pa wageni tu. Kumbe jina la mtu wa kwao lilitangulia kufika.

Karibu na Kanisa Kuu, katika nyumba ya zamani ya askofu, wanatunza picha takatifu zilizotoka Flandre, nchi ambayo sehemu yake kubwa sasa ni ya Ubelgiji. Wafanya biashara wa Funchal walipeleka sukari huko, wakarudi na picha hizo.

5. Sukari chungu

Walipotoka, walikaa kivulini. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwanangu, nimekwambia habari ya sukari. Sikukwambia nani aliyelima miwa. Kuchimba mfereji katika mwamba, kukata miwa juani, kuchochea moto chini ya vyungu usiku na mchana, ni kazi ngumu. Wakulima maskini wa Ureno walifanya kazi hiyo. Pamoja nao walikuwako watumwa. Wengine waliletwa kwa nguvu kutoka visiwa vya Canary, wengine kutoka Afrika ya kaskazini, wengine kutoka nchi za watu weusi."

"Baba, mabwana wao walisali katika kanisa lile?"

"Walisali, na walikuwa na watumwa."

Mtoto hakusema neno. Baba akaendelea. Wareno walipoona faida ya Madeira, walipeleka miwa katika kisiwa cha São Tomé, karibu na bara ya Afrika. Huko mashamba yalikuwa makubwa, na watumwa walikuwa wengi sana kuliko Madeira. Wengi wao walikamatwa Kongo. Mfalme Afonso mwenyewe alikuwa ameiruhusu biashara ya watumwa. Lakini ilimshinda nguvu. Wafanya biashara walikamata hata watoto wa wakubwa, hata jamaa zake. Mwaka 1526 aliandika barua kwa mfalme wa Ureno, akamwomba awazuie watu wake, kwa maana nchi ilikuwa inabaki bila watu. Biashara haikukoma.

"Basi mtoto wake mmoja alikuwa askofu wa upande huu," akasema mtoto polepole, "na watu wake walikuwa wakiuzwa kwa ajili ya sukari."

"Ndivyo ilivyokuwa, kwa wakati ule ule. Ukiujua upande mmoja tu, hujaijua habari."

Sukari ya São Tomé na Brazil iliuzwa kwa bei ndogo, na miwa ya Madeira ikapungua. Wakulima wakapanda mizabibu badala yake, na divai ya Madeira ikajulikana duniani. Siku hizi wanalima pia ndizi na mboga. Mfereji ni ule ule. Mazao ndiyo yaliyobadilika.

6. Kupanda Monte

Siku ya pili walipita sokoni. Soko la wakulima lilifunguliwa mwaka 1940. Mtoto aliona maua, matunda ya kila rangi, na samaki mweusi, mrefu kama nyoka, mwenye macho makubwa. Huyo hukaa katika maji marefu yasiyofika jua, na wavuvi humvua kwa kamba ndefu sana.

Kisha wakapanda kwa kikapu cha chuma kinachovutwa na kamba angani mpaka Monte, mahali palipo juu ya mji. Pana kanisa la Bikira Maria, na tarehe 15 Agosti mahujaji wengi hupanda ngazi zake, wengine kwa magoti. Ndani ya kanisa kuna kaburi la Karl, mfalme wa mwisho wa Austria. Alifukuzwa katika nchi yake, akafa Monte mwaka 1922, na mwaka 2004 alitangazwa kuwa mwenye heri.

Chini ya ngazi mtoto aliona jambo la kumchekesha. Wanaume wenye nguo nyeupe na kofia za majani huwaweka wageni katika kiti kilichosukwa kwa fito kama kikapu. Kiti hicho hakina magurudumu. Kinateleza juu ya mbao mbili, kinashuka njia ya lami kwa mbio, na wanaume wawili wanakiongoza kwa kamba. Breki yake ni soli za viatu vyao. Mtoto alitaka kupanda mara mbili, lakini baba alilipa mara moja.

7. Mchunga maji

Baada ya chakula waliifuata njia nyembamba kando ya mfereji. Wareno huuita mfereji wa namna hii levada. Huku mlima, huku bonde, na katikati maji yenye upana wa mkono mmoja. Mbele yao walimwona mzee mwenye jembe, akiondoa majani yaliyoziba mfereji. Mwalimu akamsalimu kwa Kireno, akamtafsiria mwanawe.

"Mzee, maji haya yanatoka wapi?" akauliza mtoto.

Mzee akafurahi. Akaonyesha mawingu juu ya vilele.

"Mtoto wangu, upepo wa baharini unatoka kaskazini-mashariki. Ukigonga mlima, unapanda juu, unapoa, na unakuwa ukungu na mvua. Miti ya msitu inaushika ukungu kwa majani yake, na maji yanadondoka chini, yanaingia ardhini, yanatoka tena katika chemchemi. Lakini mvua nyingi inanyesha upande wa kaskazini, na watu wengi wanakaa kusini, penye jua. Basi wazee wetu walitoboa mlima. Mifereji ya kisiwa chote, ukiiunga pamoja, inapita kilometri 2,000. Palipokuwa na genge, mtu alifungwa kamba, akashushwa, akapiga mwamba huku ananing'inia. Wengine hawakurudi kwao."

"Na kazi yako ni nini, Mzee?"

"Kugawa. Kila shamba lina saa yake ya maji. Saa ikifika, nafungua mlango huu mdogo, ikipita, nafunga. Wa mbele akichukua kupita haki yake, wa nyuma atavuna majani makavu. Na tajiri na maskini, saa ni saa."

Hivi mtoto alipata jibu lake. Maji ya Funchal yanatoka katika msitu ambao moto wa zamani haukuumaliza. Sehemu iliyobaki inalindwa sana leo, na mwaka 1999 UNESCO iliuandika msitu huo kati ya mali ya dunia nzima.

8. Siku maji yalipokasirika

Walipokuwa wakirudi mjini walivuka daraja. Chini yake palikuwa na mto mdogo, maji ya kufika kifundo cha mguu tu, lakini kuta zake za mawe zilikuwa ndefu kupita nyumba.

"Kuta zote hizi kwa maji kidogo hivi?" akacheka mtoto.

Baba hakucheka. Mito mitatu inashuka katikati ya Funchal: São João, Santa Luzia na João Gomes. Milima ni mikali, na mvua kubwa ikinyesha juu, maji yanafika mjini kwa muda mfupi, yakisukuma mawe na miti. Mwezi wa Oktoba 1803 mafuriko yaliua mamia ya watu. Mwaka uliofuata injinia Reinaldo Oudinot aliletwa, akaanza kuijengea mito kuta.

Miaka mingi ikapita. Mji ukakua. Watu wakajenga karibu na mito, na njia ya maji ikawa nyembamba. Tarehe 20 Februari 2010 mvua ikanyesha kwa nguvu sana. Mito ikajaa mawe na matope, ikapanda juu ya kuta, ikapita barabarani, ikabeba magari na nyumba. Watu zaidi ya 40 walikufa. Tangu siku hiyo kuta zimetengenezwa upya, na juu milimani yamejengwa mabwawa ya kuyazuia mawe.

"Maji yale yale," akasema mtoto, "yanalisha shamba na yanabomoa nyumba."

"Maji hayakubadilika. Mfereji wa yule mzee unachungwa kila siku. Mto ulisahauliwa kwa sababu ulionekana mdogo."

9. Usiku

Usiku, kabla ya kuondoka, walisimama tena bandarini. Taa za nyumba zilipanda mlimani mpaka mtu asijue taa zinaishia wapi na nyota zinaanzia wapi. Mtoto alitoa daftari lake, akaandika: "Funchal ni mji mzuri. Majina ya manahodha wake tunayajua. Majina ya waliochimba mifereji hatuyajui, lakini maji yangali yanapita."

Baba akasoma, akamrudishia daftari, wala hakusahihisha neno.

Maneno ya kufahamu

Ghuba: mahali bahari inapoingia ndani ya nchi.
Nahodha: mkubwa wa merikebu.
Ngao ya mji: picha iliyo alama ya mji.
Jimbo: nchi iliyo chini ya askofu mmoja.
Mwerezi: mti wenye mbao nzuri na harufu ya kupendeza.
Genge: mahali mlima unapokatika ghafula.
Kuteketea: kuungua mpaka kwisha.
Mafuriko: maji mengi yanayopita mpaka wake.

Maswali

1. Kisiwa cha Madeira kiko katika bahari gani? Kilitokeaje?
2. Kwa sababu gani Wareno walikiita Madeira?
3. Miwa inataka vitu gani viwili? Kipi kilikuwa mbali?
4. Askofu Henrique alikuwa mtoto wa nani? Alikuwa na kazi gani katika jimbo la Funchal?
5. Mfalme Afonso aliandika barua mwaka gani? Aliomba nini?
6. Eleza njia ya maji tangu mawingu mpaka shambani.
7. Mzee alisema: "Saa ni saa." Maana yake nini?
8. Kwa nini mafuriko ya mwaka 2010 yaliwadhuru watu wengi?

Kazi

Chora mlima, mawingu, msitu, mfereji, shamba na bandari. Onyesha kwa mishale njia ya maji.

Tafuta katika kijiji au mtaa wako kitu kilichojengwa zamani: njia, daraja, kisima au kanisa. Waulize wazee ni nani waliofanya kazi kwa mikono yao. Andika mistari kumi.